Zima Taa, Kuriakose

Kuriakose amezipanga kumi na moja juu ya kioo,
nyekundu, buluu, moja ya dhahabu kama jino la bibi harusi,
na kila moja anaisifu kwa Kiarabu chake cha Ruwi
kisichojua kike wala kiume.
Nje ni nyuzi arubaini na sita. Ndani kiyoyozi kinakohoa.
Nina riyali sitini.

Nataka rili kuu, namwambia. Si ile ndogo ya akiba
inayolala mfukoni hadi siku ya mkosi.
Hii itafungwa nje, penye mwanga, kwenye nguzo ya sitaha,
ifungwe tena mlangoni,
kisha itufuate tumboni mwa ile meli
waliyoizamisha makusudi kule Bandar Khayran
ili samaki wapate nyumba.

Ya dhahabu naizungusha: inakwenda kama uvumi,
haisimami hata nikiondoa mkono.
Hiyo hapana. Uzi unaotoka bila kuombwa
hujijengea kiota.
Ya buluu imefunikwa pande zote, nadhifu kama sanduku la mahari.
Nauliza: uzi ukijisokota humo ndani, vidole nipitishe wapi?
Kuriakose anatazama dari.

Shangazi Ghalya, aliyefuata ubaridi wa duka tu,
amekaa kwenye kiti cha kupimia viatu vya mpira.
Mchagua nazi, anasema, hupata koroma.
Koroma, Shangazi, halijamfungia mtu mlango.

Sijamsimulia Novemba.
Chumba cha mashine. Rili ya kuazima.
Pezi la Yaarub liligusa sakafu mara moja tu
na tope likapanda kama maziwa yanayofurika sufuriani.
Taa yangu ikawa ukuta mweupe.
Nikazungusha turudi, mkono wa rili ukagoma:
skrubu ilikuwa imejifungua, imekwenda zake.
Uzi ukalegea.
Uzi uliolegea hausemi kitu.
Nikauvuta kwa kiganja, nikiukunja kiwikoni
kama Shangazi anavyokunja sufi,
Yaarub amenishika juu ya kiko cha mkono,
akinibana: nenda. Akinibana: nenda.
Mafundo kumi na matatu yalinipita vidoleni,
kila fundo mita tatu.
Juu, kwenye boti, yeye alicheka, akaomba chungwa.
Mimi nilishindwa kulimenya.

Hii je? Nyeusi, nzito, sura mbaya,
wazi ubavuni, kitasa kinene kama kizibo cha chupa ya chai.
Skrubu yake ina kufuli. Naitikisa sikioni: kimya.
Navaa glavu.
Zima taa, Kuriakose.
Madam?
Zima.

Giza. Harufu ya mpira mpya.
Nimefunga uzi kwenye mguu wa kiti cha Shangazi,
napita katikati ya suti zilizoning'inia kama watu waliosusa,
kushoto, kushoto tena, nagonga ndoo, narudi.
Kidole kimoja juu ya gurudumu, uzi umekaza,
unaingia safu kwa safu, bila ubishi.
Mlango unafunguliwa, mteja anauliza kama umeme umekatika.
Umeme upo, Shangazi anamjibu toka gizani,
binti yetu ananunua kamba.

Riyali sitini na nane. Sitini na tano. Sitini na mbili,
na hizo mbili Shangazi anazitoa kwenye kifundo cha leso
bila kunitazama.

Usiku, Wadi Kabir, nauloweka uzi wote ndooni,
maana uzi mkavu ukijazwa leo, kesho huvimba baharini.
Naupima kwa rula ya shule, nafunga mafundo upya,
nauanika barazani, kona hadi kona, nalala.

Asubuhi nakuta kanga mbili juu yake,
mbichi, zinadondosha maji, na vibanio.
Shangazi yuko jikoni, anakaanga vitumbua.
Unashika, anasema.