Pete ya Msellem

Winnipeg, Januari. Kipimajoto cha dirishani
kimeshuka hadi pale ambapo namba huona haya.
Mezani pangu kamera, na mdomoni mwa kamera
kichujio kilichoganda kama neno.

Alikifunga kaka yangu Msellem, miaka miwili nyuma,
kabla hajateleza barafuni kituoni, Mtaa wa Sargent.
Yeye aliinuka akacheka. Kamera haikucheka:
ukingo ulibonyea, upana wa punje ya mchele,
na kioo kikapata ufa mwembamba kama unywele.
Tukagombana nani alipe.
Kisha tukagombana juu ya mengine.
Akahamia Saskatoon. Kamera ikabaki kwangu, na ufa wake.

Tangu hapo kila bibi harusi niliyempiga picha
ana uzi wa nuru shavuni, chozi lisilo na sababu.
Wengine walisema ni usanii. Niliwaacha waseme.
Lakini Jumamosi anaolewa binti wa Mama Nabintu,
na Mama Nabintu haamini usanii.
Anataka shavu lionekane shavu.

Nimejaribu. Vidole. Taulo. Mpira wa kufungia giligilani.
Glavu za kuoshea vyombo, za manjano,
nikafanana na daktari wa kuku.
Plaizi niliitazama, nayo ikanitazama;
nikairudisha kwenye droo.
Kadiri nilivyobana ndivyo ilivyoning'ang'ania.

Nikampigia Rodelio, fundi wa saa na kamera.
"Unabana," akasema, kabla sijamaliza salamu.
"Pete ile ni nyembamba. Ukiibana kwa vidole viwili
inaacha kuwa duara, inakuwa yai,
na yai ndani ya duara haliendi popote.
Ilaze kifudifudi juu ya mpira. Usishike. Egemea.
Halafu zungusha mwili, si pete."

Mpira! Nyumba nzima mabuti yenye meno,
soli za kukanyagia theluji, zote mabonde na milima.
Nikapiga magoti. Mvunguni, nyuma ya sanduku,
zilikuwapo ndala za buluu nilizokuja nazo,
hazijaonja lami ya mji huu hata siku moja:
soli bapa, laini,
imelika kisiginoni kwa mwendo wangu wa zamani.

Nikailaza kamera juu ya ndala
kama mtoto anayesubiri kucheua.
Nikaegemea. Nikazungusha. Kimya.
Nikazungusha tena, na hapo ndipo nilipong'amua,
nikakaa sakafuni nikicheka peke yangu:
mimi husimama nyuma ya kamera,
na nyuma ya kamera saa huenda kinyume.
Tangu juzi sikuwa nafungua.
Nilikuwa nakaza.

Upande wa pili, basi. Kiganja chote. Pumzi.
Krr,
sauti ndogo, ya mchanga kati ya meno,
kisha ulaini, mizunguko mitatu, minne,
na pete ikabaki juu ya ndala, nyepesi mno
kwa kitu kilichonikosesha usingizi.

Lenzi sasa i uchi. Kioo chake chenyewe,
miaka miwili bila kuguswa na kitambaa.
Nikaipulizia pumzi nipate kuisafisha,
na katikati ya ukungu likajitokeza dole gumba:
mistari yake yote, na kovu pembeni,
la kisu, la nanasi tulilogombania tukiwa wadogo.
Ukungu ukakauka. Likatoweka.
Nikapuliza tena. Lipo.

Kitambaa ninacho mkononi. Harusi keshokutwa.
Simu iko pale, karibu na plaizi ambayo sikuitumia,
na Saskatoon bado hawajalala.
Najua atakachouliza, hata kabla ya hujambo:
"Ulizungushia upande gani?"