Mbuzi wa Rafuni

Rangi nilizoletewa zilikuwa kumi na sita,
na zote, machoni mwa mume wangu, ni moja:
ya mchanga, ya mchanga uliolowa, ya uji,
ya maziwa yaliyodondokewa na chai,
ya ngamia akiwa mbali.
"Chagua," akasema Lubna, msanifu wetu,
amezitandaza kama karata juu ya boneti ya gari,
Al Khoudh, saa tatu asubuhi, jua limeshakuwa kali
na nyumba nyuma yake bado ni saruji na nondo.
Nikachagua ya ngamia.

Msinicheke.
Mie nimekulia Ruwi, ghorofa ya tatu, watoto tisa,
sebule ya makochi ya mahameli yaliyovishwa nailoni
(ukiinuka, ngozi ya mapaja inabaki nyuma),
kabati la vioo lenye vikombe visivyonywewa,
maua ya plastiki, kalenda tatu za benki,
zulia juu ya zulia.
Jicho halikuwa na pa kukaa
bila kuamkiwa na kitu.
Hata dari ilibandikwa nyota.
Basi nikamwomba Mungu, pamoja na mume na afya,
ukuta mmoja mtupu.

Nimeupata. Mita saba.
Taa zimefichwa ndani ya jipsamu,
mwanga unashuka usijue unatokea wapi,
kama riziki.
Majiko ninayo mawili: la mbele la kutazamwa,
marumaru tupu, halijapata kunusa kitunguu;
na la nyuma, ubavuni mwa tangi la maji,
ndimo tunamopikia.
Makochi ya majlisi hayana miguu.
Nassor akishakaa, huomba mkono kuinuka.

Shangazi Ghaniya akaja kutoka Ibra kuiona nyumba.
Hakuleta birika la fedha wala chetezo.
Alifungua kanga: mbuzi,
wa mti wa mfenesi, aliyevuka naye bahari
siku walipokuja na sanduku moja na watoto wanne.
Meno yamelika. Akamweka sakafuni, akaenda zake.

Lubna alipokuja kupiga picha, akauliza ni nini.
"Mbuzi," nikamfasiria.
Akamtafuta pembe.
Kisha akamwinua kwa mikono miwili,
akampandisha rafuni, akamgeuzia kijitaa,
akarudi nyuma hatua tatu:
"Hiki ndicho kilichokuwa kinakosekana."
Na kweli, aibu yangu, alipendeza.
Ule weusi unaong'aa
ni mapaja ya wanawake watatu.

Picha ikafika Ibra kabla ya adhuhuri.
Jibu likaja kwenye simu, bila salamu:

Mbuzi nilokupa wewe, si pambo la kutazamwa,
Mwache chini atumiwe, tui lipate kukamwa,
Taani mtoe nawe, hana ndwele ya kupimwa,
Mbuzi asokuna nazi, ni kibao na kichuma.

Nikalisoma mara mbili. Sikumjibu.
Wiki mbili nikapita rafuni kama mdaiwa.

Ijumaa ile wakaja watu ishirini wa upande wa Nassor,
na tui la kopo limekwisha.
Palikuwa na nazi za Salala, sita, za zawadi.
Jiko la nyuma limejaa masufuria na wasaidizi,
jiko la mbele limejaa wageni wanaolipiga picha.
Mahali pekee pa kukalia
palikuwa mbele ya ukuta wangu.

Nikamshusha. Nikakunja abaya, nikaketi,
na kiuno kikakumbuka kabla yangu mimi.
Nazi ya kwanza ilipopasuka
maji yakaruka mpaka kwenye rangi ya ngamia,
doa refu, limeinama kidogo
kama mtu anayesikiliza.
Watoto wakaja kuiba chicha kwenye sinia.
Nassor akasimama mlangoni, akalitazama doa, akanitazama,
akauliza kama wali umekaribia.

Nina ndoo nzima ya rangi ya akiba stoo.
Sijaifungua.
Kijitaa cha juu hakuna aliyekizima;
usiku kucha kiliimulika rafu isiyo na kitu,
nami nikatoka kunywa maji, nikasimama pale,
nikaona: hivyo pia inapendeza.