Majeruhi Nambari Kumi na Saba

Walinitundika kadi shingoni kama bei ya nguo:
*Mguu wa kushoto umevunjika. Damu nyingi.*
Damu yenyewe ilikuwa rangi na sharubati,
inanata, inzi wa Mtongwe wakaiamini
kabla ya daktari yeyote.

Nikalazwa juu ya saruji ya moto,
mimi Mejumaa, muuza mahamri wa lango la pili,
kwa shilingi mia nane na soda.
"Lia, mama," akasema afande wa kwetu,
"meli imelipuka, lia kidogo."
Nikalia. Kulia sihitaji kufunzwa.

Bendera saba milingotini,
zote zikipigwa na upepo mmoja
usiouliza pasi.
Wakaja mbio: buti za Kampala, buti za Kigali,
na wengine waliokwisha kuiva mashavu kwa jua letu.
Machela moja, lugha nne.
Huyu asema inua, yule amesikia geuza,
mguu wangu mzima ukaponea chupuchupu
kuvunjika kweli.

Kisha akaja yule wa Ngazija,
kijana, masharubu hayajakata shauri.
Nikamsogezea mkono aupime.
Akainama, akasema: "Marahaba."

Marahaba!
Mimi, nyanya wa wajukuu sita,
sijamwamkia, wala sina deni la kumwamkia!
Nikasahau kuwa nimezirai.
"We kijana, nani kakupa shikamoo?"
Akacheka, mkono kifuani: kwao
hiyo ndiyo asante.
Neno lilelile, limevuka maji,
likaoa huko, likapata kazi nyingine.

Basi akanifunga mpira wa presha
mkononi. Mguu, alijua, ulikuwa mchezo.
Akatazama saa. Akapima tena.
Na uso wake ukatoka mazoezini.

"Huyo ni mguu!" afande akapuliza filimbi.
"Mguu! Fuata kadi!"
Kijana akaigeuza kadi, upande usio na vita,
akaandika nambari mbili, moja juu ya nyingine,
na chini yake, kwa herufi za mtoto wa chuoni:
*hii kweli.*

Jioni jenerali alisema mengi,
kipaza sauti kikikwaruza:
umoja, bahari salama, mwakani tena inshallah.
Tukapiga makofi, waliookoa na waliookolewa,
wawili watatu kati yetu bado wana damu masikioni.
Mimi sikusikia vizuri. Nilikuwa nahesabu
miaka ishirini ya kuamka saa tisa usiku,
karai, moshi, chumvi ya kuonja,
na kichwa kile cha kila Alhamisi
nilichokiita jua.

Asubuhi nikapanga foleni zahanati.
Nesi akaisoma kadi,
akanitazama mguu, akaisoma tena,
akanitazama mguu.

"Geuza, mwanangu," nikamwambia.
"Geuza."