Kauli ya Kutendwa

Bibi yangu wa Masaka hakukipenda Kiswahili.
Kwake kilikuwa lugha ya kizuizi barabarani,
ya buti, ya "lala chini".
Kikisikika redioni alipunguza sauti
kama mtu anayefunika chungu nzi wasiingie.

Mimi nilikuja chuoni Arua na Kiganda changu,
na huku, sokoni, hosteli, kwenye foleni ya maji,
watu wakanijibu kwa Kiswahili.
Nikajifunza bei kwanza. Kisha utani. Kisha matusi.
Sikujua nitakihitaji kwa hili.

*

Jumamosi. Sisemi chumba cha nani.
Nasema tu alikuwa amenisaidia takwimu muhula mzima,
alijua jina la mama yangu,
na kalenda yake ukutani ilikuwa bado ya Machi.
Ilikuwa Juni.
Nimeikariri Machi ile, siku zote thelathini na moja.

Jumapili nikafua.
Letaru, mwenzangu wa chumba, aliniona nikirudia shuka ileile.
Hakuuliza. Alikaa sakafuni akamenya karanga,
maganda yakajaa sahani ya bati,
hadi nikasema. Sentensi moja, nusu yake Kiganda.
Akasema, "Nakuamini."
Kisha, "Gauni usilifue."

Mlezi wa hosteli alitaka kujua ilikuwa saa ngapi,
na kwa nini saa hiyo,
na kama nimefikiria maisha ya kijana wa watu.
Letaru akanishika kiwiko.
Tuliiacha chai yake ikifuka moshi.

*

Kliniki iko nyuma ya duka la mbegu.
Tulikwenda kwa miguu; sikuweza kupanda boda,
kukaa nyuma ya mgongo wa mwanamume.

Sista Mastura, hina imefifia kuchani,
aliuliza mambo matatu kabla ya jina langu:
mlango tuuache wazi?
rafiki abaki?
utaanza wewe, au nianze mimi kueleza dawa?
Tangu Jumamosi hakuna aliyeniuliza nataka nini.
Niliutaka mlango wazi kidogo, upana wa kandambili.

Akahesabu saa kwa vidole. Arobaini na moja.
"Hazijafika sabini na mbili. Umewahi."
Akanitazama. "Hata zingepita, mwanangu,
ungekuwa umewahi."

Kila alipotaka kunigusa alitaja kwanza mahali, akangoja.
Kiswahili chake kilikuwa kimevua buti mlangoni.

*

Akaandika, kisha akanisomea alichoandika:
*Mgonjwa anasema alibakwa.*

Nikasema, subiri.
Yeye yuko wapi humo?

Maana sentensi ilikuwa imefagiwa, safi,
mimi peke yangu ndani yake na kitendo,
kana kwamba kilidondoka darini.

Sista hakubisha. Akapiga mstari, akanipa kalamu.
Nikaandika polepole, kwa mwandiko wa darasa la tatu:
*Alinibaka.*
Herufi moja mbele, ikabeba mzigo wake.
Na mimi bado nimo, katikati, *ni*,
silabi moja,
nimebanwa lakini nimo.

Chini yake nikaandika jina.

"Polisi ni uamuzi wako," akasema. "Leo, kesho, au hapana.
Karatasi hii inajua kungoja."
Akaifungia kwenye droo ya chuma,
akanionyesha ufunguo unapokaa.

*

Leo siku ya kumi na tisa kati ya ishirini na nane.
Vidonge vinanichafua roho; nanywa na uji wa muhogo.
Jana nilimwona kwenye ngazi za maktaba
nikageuka, nikakosa kipindi cha saa nane.
Siku nyingine sikosi.

Bibi amepiga simu. Nimemwambia mvua ni nyingi.
Usiku natafuta namna ya kulisema kwa Kiganda,
kitenzi kikae wapi, nani atangulie.
Bado.

Letaru analala na viatu miguuni, kamba zimefungwa,
nisije nikaamka
nikataka kwenda mahali.