Kokoto za Chavakali

Bwana, nimekuja na nyundo,
kwa hiyo usitarajie nipige magoti.
Goti la kushoto limegoma tangu masika ya mwaka jana,
na hili la kulia nalibembeleza kama mkwe.
Nitasema nawe nikiwa nimekaa.

Hapa ni kando ya barabara, chini kidogo ya soko.
Unapajua. Ni wewe uliyeyamwaga mawe haya ya Maragoli,
makubwa kama nyumba,
ukaondoka bila kusema ni ya nini.
Jibu tulilitafuta wenyewe: ni ya karo.

Lori moja humeza debe mia mbili na hamsini.
Dalali huja siku anayotaka,
hulitazama rundo langu kwa jicho la mtu
anayeuziwa ng'ombe mgonjwa,
hutaja bei akiwa ameshatia gia.

Alfajiri nilimgeuza Adagala ubavu,
nikamnywesha uji kwa kijiko, nikamfuta kidevu.
Mkono wake mmoja bado unajua kushukuru:
hunibana kidole, mara mbili.
Ule mwingine haujasema kitu tangu Agosti ile.
Kisha Minayo, mjukuu wangu, akaniambia mlangoni
kuwa mwalimu amesema wasio na pesa ya mtihani wasije.
Alisema polepole, akitazama viatu vyake,
kana kwamba ni yeye anayenidai.

Nikamwambia: nenda.
Sijui nilisema hivyo kwa uwezo gani.

Jumanne, kwenye maombi, Dada Finasi hutuhimiza
tuiache mizigo yetu chini ya msalaba.
Mimi huiacha, Bwana, kweli huiacha.
Lakini nikifika penye kinu cha unga
naikuta imenitangulia,
imekaa juu ya jiwe, inaningoja tuandamane.

Sikulaumu.
(Leo nimekulaumu kidogo, kipande kiliporuka
kikanichoma chini ya jicho.)

Ila kuna wale wanawake. Nawawaza sana nikiponda.
Walitoka kungali giza, manukato mkononi,
na wakiwa njiani ndipo walipoulizana habari ya jiwe:
nani wa kulisukuma?
Hawakuwa na mwanamume, hawakuwa na mtaimbo,
hawakuwa na jibu.
Tangu utoto wangu nimesikia kisa hiki,
na kila mhubiri hukimbilia mbele,
kwenye kaburi tupu, kwenye malaika na nguo zake nyeupe.
Mimi hubaki nyuma, pale njiani, pamoja nao,
kwa sababu hawakurudi nyumbani.
Hilo tu.
Walijua jiwe lipo, wakaendelea kutembea.

Hiyo ndiyo imani ninayoiweza.
Si ile ya kuhamisha mlima.
Mlima nauhamisha mwenyewe, kwa debe.

Saa nane wingu likapanda kutoka upande wa Nandi,
likatumwagikia bila salamu.
Kageha wa rundo la pili akanivuta chini ya nailoni yake,
tukajikunyata kama vifaranga vizee.
Alikuwa na muhogo mmoja wa kuchemsha.
Hakufumba macho, hakutamka neno,
aliuvunja tu,
akanipa kipande kikubwa.
Nikautazama mkono ule, vidole vimepasuka,
kucha moja imekufa, vumbi limeganda kwenye mistari ya kiganja,
na kwa kitambo
sikuwa na hakika ni mkono wa nani.

Sasa mvua imekatika. Lori halijaja.
Kokoto zimeoshwa, zina kijivu cha shingo ya njiwa,
na kule juu, penye mapindo ya chai,
naona mtoto anateremka mbio, begi kichwani.
Huenda ameufanya mtihani.
Huenda amerudishwa getini tangu asubuhi
akajificha mahali ili nisijue.
Yuko mbali bado, uso wake hausomeki.

Kabla hajafika, Bwana,
lishikilie jiwe hili lisiyumbe.
Nipige hili moja.