Kadi ya Chanjo

Nilimwita Hayawahusu
siku majirani wa Cheyo waliponiuliza
ile ngozi na mifupa naifuga ya nini.
Akanenepa kwa ukoko wangu na vichwa vya migebuka,
akabweka hadi wezi wa kuku wakahamia Isevya,
nami nikatembea kifua mbele:
mbwa wangu huyu, mbwa wangu.

Jumanne akamrarua Kalunde,
binti wa Nyanzala muuza uyoga,
aliyetumwa kurudisha bakuli letu.
Bakuli letu. Lango letu. Komeo letu,
ambalo asubuhi ile sikulirudishia.
Shavu la mguu likafunguka
kama mdomo wenye la kusema.

Kwa mtendaji benchi ni moja.
Tulikaa, mimi na Nyanzala,
kati yetu nafasi ya mtu wa tatu.
"Mbwa wa nani?"
Nikajibu: wa mtaa. Anakula popote, analala popote.
Ulimi ulivyokuwa mwepesi, niliushangaa.

Mtendaji akafunua daftari, hakuniangalia.
Anayemlisha, akasema, ndiye anayemlipia:
sindano, nauli ya Kitete,
na siku ambazo mama hakufika sokoni.
Sheria haiulizi kama ulimtuma.
Inauliza tu, wa nani.

Nyanzala hakulia, hakunitukana.
"Huyo wa mtaa," akasema, "alichanjwa?
Muuguzi anataka kujua."

Mfukoni mwa shati, upande wa moyo,
kadi ilikuwa imekunjwa mara mbili.
Mwandiko wa bwana mifugo:
Rangi, kahawia. Dume. Mwenye mbwa,
Mihayo Kasanda Luhende,
majina yote matatu, hadi la babu,
wino ambao hata masika hayakuufuta.
Chini yake tarehe. Ya mwaka juzi.

Wiki nzima nilikuwa naifungua chooni
nikitumaini nimesoma vibaya.
Chanjo imekwisha muda; jina halijaisha.
Kadi isiyoweza kumponya mtoto wala kunikinga mimi,
inayojua kitu kimoja tu.

Nikaitoa.
Nyanzala akaisoma polepole, kidole juu ya tarehe,
akairudisha mezani kama anayerudisha chenji pungufu.

Mtendaji akavaa miwani.
"Jina la mbwa... Hayawahusu?"
"Yananihusu," nikasema.
Hakucheka mtu.
Akauliza namba yangu ya simu,
na baiskeli ile nje, iliyoegemea ukuta,
nayo ni ya mtaa?