Mgeni wa Siku Moja

Januari, dirisha limeota manyoya ya barafu,
nje ni nyuzi arobaini chini ya sifuri,
hata mbwa huenda haja mbio mbio,
ndipo Ingunn hufungua orodha ya maua mezani
kwa uso wa mtu afunguaye barua ya deni.

Huko kusini, kwa watu wasiojua koleo la theluji,
wanaotesha mayungiyungi yasiyolala mwaka mzima,
mabichi hata Desemba, petali zake zina marinda.
Tulinunua moja, mwaka ule kanola ilipokubali.
Lilikuja na jina refu na bei ya matairi mawili.
Theluji ilipoyeyuka nilichimba pale pale
nikakuta uji.

Tangu hapo anachagua kwa sharti moja:
lijue kulala.
Ikifika Oktoba linyauke bila kuombwa,
lishuke chini, lijifunike udongo,
liache majani makavu juu
kama viatu mlangoni.
Uzuri, asema, tutauuliza baadaye.

Udongo wetu ni mfinyanzi wa ziwa lililokufa zamani;
unashika buti, hauachii.
Mei tunaulainisha kwa samadi ya ng'ombe ya miaka miwili,
na shina lililosongamana analigawa kwa kisu cha mkate.
Mkate nao tunaukata kwa kisu hicho hicho.
Sina la kusema.

Julai, miaka mitatu nyuma, umande ulipokauka,
alichukua chavua ya ua la zambarau la jirani yetu Oleksa
akaipaka kwenye ncha ya lile la manjano la mama yake,
akafunga uzi mwekundu wa kufumia, asisahau.
Mbegu tisa, nyeusi, zinang'aa kama macho ya panya,
zikakaa frijini miezi miwili kando ya jibini.
Nne zikaota.
Baridi ikachukua mbili.
Kulungu akala moja, akasimama akinitazama huku anatafuna.

Likabaki hilo. Na likachagua siku yake:
tarehe mbili Agosti,
siku Ingunn aliyoingoja miezi kumi na mmoja,
ya kutolewa mtoto wa jicho kule Winnipeg.
Aliondoka na dada yake gizani.
Saa kumi na mbili asubuhi likafunguka,
na shahidi ni mimi, mwanamume wa rangi tano.

Nikampigia simu.
"Rangi gani, Hjalmar?"
"Ya kutu. Kama ya trekta."
"Kutu mpya au ya zamani?"
"Ya zamani. Iliyonyeshewa."
"Na kooni?"
"Kijani. Tufaha ambalo halijaiva."
Akanyamaza. Nikadhani analia.
Alikuwa anaandika.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu hafiki hata ya pili,
na jembe miaka mitatu tumelishika sisi.
Mchana jua likawaka kama limetumwa.
Nikachomeka mwavuli wa kanisani juu ya ua,
nikakaa kwenye ndoo, nikaona haya
gari la posta lilipopita.

Alirudi saa tatu usiku, mwanga haujaisha,
jicho moja limefunikwa kwa kikombe cha plastiki.
Hakuingia ndani. Akapiga magoti, mkoba begani.
Petali zilikwisha kulegea, karatasi iliyolowa.
Akalitazama kwa lile jicho la zamani, lenye ukungu,
muda mrefu.

"Baya," akasema, akaanguka kicheko.

Mabaya huenda kwenye lundo la mboji, ndiyo sheria yake.
Nikauliza nikalete koleo?
Hakujibu. Alikuwa anapapasa bua kwa kidole,
anahesabu vitumba kwa sauti, Kiaislandi, lugha ya mama yake:
kumi na kimoja.
Cha chini kabisa kimeshavimba.

"Kesho asubuhi wananifungua jicho," akasema.
"Mwavuli uache hapo hapo."